NANI ALIJUA, NA ALIJUA LINI? Mwongozo wa kumtetea aliyefanyiwa ukatili wa kingono na kuibana taasisi iliyonyamaza

Naandika kutoka huku kwetu Usoke, wilaya ya Urambo, ile stesheni ya reli ya kati unayoipita ukishatoka Tabora kuelekea Kigoma. Najua wengi mnasoma mkiwa cafe na dakika zinakatika, kwa hiyo nimeigawa kwa vichwa vya habari. Ukishindwa kumaliza, printi ukasome nyumbani. Mada yenyewe ni nzito lakini lazima tuiongee.

Nianze na kisa. Kuna mama mmoja alinifuata kwa sababu aliambiwa mimi najua kuandika barua. Binti yake wa darasa la saba alikuwa anaitwa na mwalimu kwenda kumfagilia nyumba. Sitataja kijiji wala shule, na mbele utaona kwa nini. Mama alipogundua kinachoendelea alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya: alimwogesha mtoto, akafua nguo, akakimbilia kwa mkuu wa shule. Akaambiwa, "Tulia mama, hili tutalimaliza." Wiki tatu baadaye mwalimu akahamishwa. Watu kijijini wakafurahi, jamaa kaondoka! Mimi nikamuuliza mama swali moja tu: kaenda wapi? Hakujua. Kaenda kufundisha watoto wa watu wengine, basi.

Ndo maana naandika. Sisi tukisikia ukatili wa aina hii macho yote yanakwenda kwa yule mtu mmoja aliyefanya. Ni sawa, afungwe. Lakini funguo za darasa alipewa na nani? Nani aliletewa malalamiko akanyamaza? Mtu anafanya, taasisi inampa nafasi. Ukimbana mtu ukaiacha taasisi, mwakani utamsindikiza mama mwingine.

UKUBWA WA TATIZO

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti mkubwa wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto Tanzania, ukihusisha UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, na ikaonekana kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walishafanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufika miaka 18. Soma tena hapo kwenye wavulana, maana kuna watu wanadhani hii ni ishu ya dada zetu peke yao.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: karibu nusu ya wasichana hao na theluthi mbili hivi ya wavulana hawakumwambia mtu yeyote. Kwa hiyo kesi unazozisikia redioni ni zile tu ambazo mtoto alipata ujasiri na akampata wa kumsikiliza.

TAASISI INAVYOJIFICHA

Kwa niliyoyaona na kuyasikia, mbinu ni zilezile, iwe shule, nyumba ya ibada, hospitali au kituo cha watoto yatima:

1. KUHAMISHA. Mtuhumiwa anapewa barua ya uhamisho, faili linabaki kabatini.

2. KUMALIZANA. Wazee wanaitwa, au baraza la sungusungu. Sungusungu huku Unyamwezini na Usukumani lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na kwa ng'ombe lilisaidia kwa sana. Lakini kubaka mtoto si wizi wa ng'ombe. Ni kosa la jinai na mlalamikaji ni Jamhuri. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kulisamehe, na kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa lingine.

3. JINA LETU. "Mtatuharibia shule." "Mtalichafua kanisa." "Mtautia aibu msikiti." Kana kwamba aliyechafua ni yule aliyesema, na siyo yule aliyefanya.

4. KUMGEUZIA MTOTO. Alivaa nini, alikwenda kufanya nini, mbona hakupiga kelele. Wanyamwezi wa zamani walisifika kwa kubeba mizigo ya misafara ya watu wengine hadi pwani, lakini walikuwa watu wazima na walilipwa. Huyu mtoto anatwishwa mzigo wa mkubwa, bure.

SHERIA YETU INASEMAJE

Kuna watu wanaamini Tanzania haina sheria kali. Ipo, na ni kali. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, baada ya kelele za miaka ya TAMWA na vyama vingine vya wanawake. Sheria ile iliingiza mambo mapya kwenye Kanuni ya Adhabu. Mambo ya kukariri ni haya:

- Kifungo cha ubakaji ni kuanzia miaka 30, na mahakama inaweza kwenda hadi maisha. Akibakwa binti wa chini ya miaka 10, ni maisha.

- Kwa aliye chini ya miaka 18, hoja ya "alikubali mwenyewe" haina kazi. (Kulikuwa na tundu la binti wa miaka 15 aliyeolewa. Tundu hilo linakwenda pamoja na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019.)

- Mvulana naye analindwa. Kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 adhabu yake ni kifungo cha maisha.

- Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa ubakaji inatakiwa pia kuamuru amlipe FIDIA aliyeumizwa. Wengi hawajui, kwa hiyo hawaulizi.

- Na hapa ndipo penye mada yangu. Kifungu cha 130 kimewataja wenye nafasi zao: mtu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake, wafanyakazi wa mahabusu na vituo vya wanawake au watoto, wafanyakazi wa hospitali, mganga wa kienyeji, na kiongozi wa dini. Yaani tangu 1998 Bunge lilishaona kwamba hatari mara nyingi inatoka kwa yule tuliyemwamini.

Sheria nyingine mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa KILA mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Kwa hiyo mwalimu mwenzake aliyejua akanyamaza hana pa kujificha. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inakataza mwenye madaraka kudai ngono ili atoe alama, ajira au huduma. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono, wanavyuo mnaijua vizuri.

KESI ZILIZOIBANA TAASISI

Hapa sasa utasema, sawa, mtu anafungwa, lakini taasisi inabanwaje? Tuangalie majirani.

Zambia, 2008. Msichana wa miaka 13 alinajisiwa na mwalimu aliyemwita nyumbani kwake kwa kisingizio cha kuchukua karatasi za mitihani iliyopita. Alikwenda Mahakama Kuu, siyo dhidi ya mwalimu peke yake bali shule na serikali pia. Jaji Philip Musonda akasema serikali inawajibika, akaamuru alipwe kwacha milioni 45 (kwacha ya zamani ile).

Kenya, Meru, Mei 2013. Wasichana 11 wa kati ya miaka 5 na 15, pamoja na shirika lililowapa hifadhi, waliwashtaki polisi. Walibakwa, wakaripoti, polisi hawakupeleleza ipasavyo. Mahakama Kuu ikasema uzembe ule ulivunja haki zao za kikatiba na ikaamuru polisi wafanye upelelezi unaostahili. Ukifikiri vizuri, ni watoto wa shule ya msingi wamelishinda jeshi la polisi la nchi nzima.

Kenya tena, Nairobi, Mei 2015. Wasichana wawili wa miaka 12 na 13 kutoka shule moja ya Nakuru walinajisiwa na naibu mwalimu mkuu. Tume ya kuajiri walimu ya Kenya ikajitetea kwamba mwalimu alifanya mambo yake binafsi, nje ya kazi. Jaji Mumbi Ngugi akakataa. Akasema haifai mwajiri kuwazungusha walimu wa namna hiyo shule hadi shule na kisha kuridhika na kuwafukuza tu. Mwalimu, tume na serikali wakabebeshwa fidia, shilingi za Kenya milioni 2 kwa mmoja na milioni 3 kwa mwingine. Tume ilikata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi.

Umeona hiyo ya kuzungusha? Ndiyo hadithi ya yule mama wa kwetu. Nakuru na huku ni mbali, mbinu ni moja.

Na sisi je? Kwetu taasisi iliyobanwa hadharani ni shule, kwa namna ilivyomfanyia binti mjamzito. Miaka na miaka binti alipimwa mimba shuleni apende asipende, akikutwa nayo anafukuzwa, hata kama mimba ilitokana na kubakwa. Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba hawatarudi shule za serikali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakapeleka shauri mwaka 2019 kwenye Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu haki za mtoto. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi. Na 2022 Kamati ikatoa uamuzi kwamba Tanzania ilivunja haki za watoto hao, na ikataka upimaji wa lazima ukomeshwe. Kwa hiyo inawezekana. Inachukua miaka, lakini inawezekana.

SAA 72 ZA KWANZA

Kabla ya taasisi, mtoto kwanza. Akikwambia mtu kwamba amefanyiwa:

1. MWAMINI NA UMWAMBIE. "Pole, si kosa lako, umefanya vizuri kusema." Usimhoji kama polisi. Usimlazimishe arudie mara kumi.

2. ASIOGE, NGUO ZISIFULIWE. Najua inauma, lakini ule ni ushahidi. Nguo weka kwenye bahasha ya karatasi au khanga safi, siyo rambo, maana rambo inaozesha.

3. HOSPITALI HARAKA. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Saa zikipita, nenda hivyohivyo, bado kuna matibabu na ushauri. Ukiona wazee wanasema tukae kwanza wiki mbili tulijadili, ujue hizo saa ndizo zinazoliwa.

4. POLISI, DAWATI LA JINSIA NA WATOTO. Omba fomu namba 3, ile PF3. Ni bure. Ukiombwa hela, andika jina la muombaji na tarehe.

5. PIGA 116. Ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, hata wewe mtu mzima unayehofia mtoto wa jirani.

6. USIMWACHE PEKE YAKE. Kumsindikiza mtu hadi Urambo mjini na kurudi naye, kukaa naye kwenye benchi, kumnunulia chai, huo nao ni utetezi.

KESI ZINAPOPOTELEA

Wengi wanalalamika, "Alifungwa, rufaa kaachiwa, kahonga!" Mara nyingine sababu ni karatasi. Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani utakuta makosa yanajirudia: umri wa mtoto haukuthibitishwa, PF3 ilipokelewa kama kielelezo bila kusomwa mahakamani, mtoto mdogo hakuahidi kusema kweli kabla ya kutoa ushahidi, au hati ya mashtaka ilitaja kifungu kisicho chake. Kwa hiyo TUNZA cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na mzazi awe tayari kusimama kizimbani kusema mtoto kazaliwa lini.

Jambo la kutia moyo: ushahidi wa aliyefanyiwa peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli tupu. Mahakama ya Rufani ilishasema katika kesi ya Selemani Makumba kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa. Kwa hiyo "hakuna aliyeona" siyo mwisho wa kesi.

JINSI YA KUIBANA TAASISI

Hapa ndipo tunapolegea. Fanya hivi:

1. ANDIKA. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Andika barua, toa kopi mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Wakikataa kugonga, tuma kwa rejista ya posta utunze risiti.

2. ULIZA MASWALI MANNE. Nani alijua? Alijua lini? Alichukua hatua gani? Mtuhumiwa yuko wapi sasa, na je, bado yuko na watoto? Usiweke matusi. Maswali manne yanatosha kumnyima mtu usingizi.

3. PANDA NGAZI. Shule ya serikali: mkuu wa shule, afisa elimu kata, afisa elimu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri. Nidhamu ya walimu wa serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Afisa ustawi wa jamii apate nakala. Kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza 2017/18, zilipangwa hadi ngazi ya kijiji, waulize zenu zimekaa lini. Rushwa ya ngono, TAKUKURU, simu ya bure 113. Ofisi ya umma ikikaa kimya, peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

4. TAFUTA WASAIDIZI WA KISHERIA. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa rasmi, na msaada wao ni bure.

5. NYUMBA ZA IBADA VILEVILE. Sheikh, padri, mchungaji, mwalimu wa madrasa, wote ni raia. Kikao cha ndani cha dini hakichukui nafasi ya polisi. Wafanye vyote viwili.

6. DAI UTARATIBU, SIYO KICHWA CHA MTU TU. Kwa mfano mwanafunzi asiitwe nyumbani kwa mwalimu kufagia. Ofisi mlango wazi. Mtu wa kupokea malalamiko ajulikane, na awe mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Hayo hayahitaji bajeti.

USIFANYE HAYA

Usirushe picha wala jina la mtoto kwenye mtandao, hata kwa nia nzuri. Kesi hizi husikilizwa faraghani, na sheria inakataza vyombo vya habari kutangaza ushahidi na mashahidi wake. Ndiyo sababu sijataja kijiji: ukitaja kijiji na darasa, wanakijiji wanamjua mtoto mara moja. Picha inabaki miaka ishirini, naye atataka kuolewa, atataka kazi, atataka kusahau.

Usichome nyumba ya mtu wala kumpiga. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, na ukimpiga unaiharibu kesi. Na tafadhali usimsingizie mtu ugomvi wa shamba la tumbaku kwa kesi ya namna hii. Kila uongo mmoja unawafunga midomo watoto kumi wa kweli.

MWISHO

Yule mama? Tuliandika barua, kurasa moja na nusu, maswali manne. Tukapeleka ngazi tatu siku mbili, nakala zote zina muhuri. Ngazi ya kwanza walituzungusha. Ya pili wakasema mwalimu ameshahama, siyo wa kwao tena. Ya tatu, afisa mmoja alisoma, akanyamaza, akainua simu pale pale kuuliza huyu mtu yuko shule gani sasa. Mwalimu akatolewa darasani, jalada likafunguliwa polisi. Kesi ina njia yake na siwezi kuiongelea.

Binti anasoma. Mama aliniomba kopi ya barua, nikamwambia wewe si hujui kusoma, utaifanyia nini? Akasema anataka kuitunza pamoja na kadi ya kliniki.

Ukiwa na swali uliza, nitajibu nikija mjini. Ila msitaje majina ya watoto.

Nawasilisha.